Mzee wangu anasubiri majibu ya kipimo cha kinyama, wiki ya nne inaanza. Mliopitia hili mlikuwa mnalalaje?

Binti wa Mlimani | 20 Julai 2022, saa 5:48 usiku

Wakuu za usiku. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika siandikagi, ila leo usingizi umegoma na mume wangu amechoka kunisikiliza, maskini naye ana kazi asubuhi.

Niko Moshi, Pasua. Baba yangu ana miaka 71, mtu wa Marangu, zamani dereva wa malori sasa hivi ni kahawa na ng'ombe wake wawili. Hii kitu ilianza Krismasi. Tuko wote nyumbani, mbuzi kachomwa, mzee akatafuna kipande akanyamaza, akainuka akazunguka nyuma ya nyumba. Tukajua ameenda kujisaidia. Kumbe alienda kukitema. Hilo tumekuja kuambiwa na mama mwezi wa tano, kwamba ugali ulimshinda tangu Januari, ukafuata wali, sasa hivi ni mtori tu na hata huo anausukuma na maji. Mama mbona hukusema? "Baba yenu alisema ni vidonda vya tumbo." Na kweli alikuwa anameza vidonge vya vidonda vya tumbo vya duka la dawa miezi yote hiyo. Mkanda wake ameutoboa matundu mapya mawili kwa msumari, mimi niliyaona nikajua ni mkanda wa mtumba tu.

Tarehe 28 Juni akapigwa kamera, hospitali naomba nisiitaje. Hajala tangu jana yake jioni, wakampulizia dawa ya ganzi kooni, mpira ukaingia. Mimi niko nje. Baadaye nikasikia "ndugu wa mgonjwa" nikaitwa pembeni. Daktari kijana tu, mpole, akaniambia kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, kuna uvimbe, na kwa macho hauonekani mzuri, wamekata vinyama sita, majibu baada ya wiki mbili. Halafu akanikabidhi kichupa nikipeleke maabara mwenyewe, jengo lingine.

Kile kichupa jamani. Cha plastiki, mfuniko mweupe, ndani maji meupe yananuka mpaka machozi, na chini vimetuama vinyama vidogo kuliko punje za ulezi. Jina la baba limeandikwa kwa peni juu ya plasta. Nilikishika kwa mikono miwili kama nimebeba kifaranga, nikapita katikati ya watu wanakunywa chai na maandazi kwenye benchi, nikawa nawaza mbona hakuna anayenipisha.

Wiki mbili zikapita. Nikaenda, bado. Ya tatu, bado, rudi Jumatatu. Simu ikiita namba ngeni tumbo linachafuka, juzi alipiga mtu wa mkopo nikamshukuru. Darasani (ni mwalimu wa msingi) nimesahihisha daftari moja mara mbili nikampa mtoto alama tofauti.

Na lingine. Kaka zangu wameamua mzee asiambiwe. Tumefungua grupu la wasap la pembeni ili asione, mzee mwenyewe anatumia kitochi. Sasa hivi yuko kwangu, kila jioni ananiuliza "wamesemaje?" nasema majibu bado baba, ananitazama, anaomba redio.

Mliosubiri mlikuwa mnafanyaje? Na mgonjwa mlimwambia au mlimficha?

Fundi Saa Kijenge | 20 Julai, saa 5:59 usiku

Pole sana dada. Niko macho pia, bimkubwa wangu kalazwa. Nafuatilia uzi.

MamaTwins Sakina | 21 Julai, saa 12:20 asubuhi

Pole mdogo wangu, nimesoma nikiwa natengeneza uji wa watoto nikauunguza. Mimi mama yangu ilikuwa titi, 2017. Tulisubiri siku 33, nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya kanisa iliyoko jikoni, bado ninayo sijui kwa nini. Unauliza tulikuwa tunafanyaje, ukweli nilifua mapazia ya nyumba nzima mara mbili ndani ya wiki moja. Usiku ndio mbaya. Mchana una kazi, usiku unakaa na simu unasoma mambo ya Wazungu, asilimia ngapi wanafika miaka mitano, na yule anayeandikwa pale siyo mama yako, hata titi lenyewe bado hawajakwambia ni aina gani. Dada yetu yuko Marekani akawa anatutumia makala saa tisa usiku maana kwake ni jioni. Mwisho tukaweka sheria, baada ya saa tatu usiku yetu hakuna kutuma kitu chochote cha ugonjwa kwenye grupu. Akanuna siku mbili akazoea.

Kuhusu majibu usiende kichwa kichwa. Mimi nilikuwa natoka Sakina alfajiri, Noah mpaka Moshi, nafika naambiwa bado, narudi. Mara nne. Mara ya tano ndio muuguzi mmoja akaniambia mama si uandike namba ya kipimo, ipo kwenye ile karatasi uliyopewa maabara, uombe na namba ya simu ya pale mapokezi. Kumbe muda wote ningepiga simu tu. Jina la mgonjwa haliwasaidii sana, kina Mushi wako wangapi.

Kumwambia: sisi tulimwambia mama siku ya kwanza kabisa, maana titi ni lake na uvimbe alioushika ni yeye.

Konda wa Noah | 21 Julai, saa 1:05 asubuhi

Nimecheka hapo kwa mkopo ila pole sana dada. Hizi safari za Arusha Moshi abiria wa hospitali nawajua hata hawajasema, ni ile bahasha kubwa ya kaki yenye picha, hawaiweki nyuma kwenye buti wala chini, wanaipakata. Wakati wa kwenda wanaongea, tukishapita Boma wananyamaza. Nauli za wengine nimewahi kusahau kuchukua kwa makusudi.

kahawa chungu | 21 Julai, saa 1:40 asubuhi

Dada usihangaike na hao kukatakata nyama ndio wanaamsha ugonjwa unasambaa. Kuna mzee ana dawa ya mizizi siku 21 uvimbe unatoka kwa njia ya haja. Njoo inboksi.

Mpare Mkweli | 21 Julai, saa 1:52 asubuhi

Tulikuwa tunakusubiri wewe tu. Kwenye kila uzi wa ugonjwa huna dawa ya kukosa?

Maabara Kimya | 21 Julai, saa 7:15 mchana

Mleta mada pole. Nafanya kazi kwenye hizo maabara za tishu, siyo hiyo yako, sitasema wapi. Niseme mambo mawili matatu maana naona watu wanafikiri kinyama kinapigwa darubini siku hiyohiyo, majibu yanafungiwa kabatini.

Kile kimiminika kilichokutoa machozi ni fomalini, kazi yake kinyama kisioze na kibaki na umbo lake. Kinakaa humo saa kadhaa hadi siku nzima. Kisha kinapitishwa kwenye spiriti za nguvu tofauti kinatolewa maji yote, kinazamishwa kwenye nta ya moto, ikipoa unapata kijitofali kigumu chenye kinyama cha mzee katikati. Hicho kijitofali ndio kinakatwa na mashine slesi za maikroni tatu mpaka tano, unywele wako mmoja ni mnene zaidi ya mara kumi ya hiyo slesi. Inaelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, unaichota na kioo, unaipaka rangi, bluu ya zambarau na pinki. Hapo ndio daktari wa patholojia anaikalia. Kazi yenyewe ni siku chache. Zinazobaki ni foleni, maana madaktari wanaosoma hivyo vioo nchini ni wachache mno na vichupa vinatoka mikoa yote. Na akiwa na shaka anaomba rangi za ziada, hapo ongeza siku.

Kwa nini wasianze dawa tu wakati wameona uvimbe? Kwa sababu saratani ya umio ina aina kubwa mbili na hazitibiwi sawasawa, na kuna vitu vingine vinaziba njia ya chakula ambavyo siyo saratani kabisa. Makovu ya asidi, ule mlango wa chini wa umio kushindwa kufunguka, hata TB mara chache. Sikupi matumaini wala sikutishi, nakueleza kwa nini ile karatasi inasubiriwa.

Na wewe kahawa chungu, kukata kinyama hakuamshi kitu. Watu wengi wanakuja kukatwa wakiwa wamechelewa ndio maana mnaona wanakufa baada ya kukatwa.

Binti wa Mlimani | 21 Julai, saa 2:30 usiku

Ahsanteni jamani nimesoma zote nikiwa jikoni. Maabara Kimya hujui umenisaidia kiasi gani, nilikuwa na picha ya kichupa kimesahaulika dirishani kinapigwa jua. Sasa nina picha ya kijitofali. Namba ya kipimo nimeipata ilikuwa nyuma ya risiti.

Kahawa chungu baba mwenyewe ameshaletewa hiyo habari na shangazi, akamjibu "2011 watu wote walienda Loliondo kunywa kikombe cha Babu mimi nikabaki nalisha ng'ombe, nilikuwa mzima. Leo nina njaa ndio nikanywe mizizi?"

Mpare Mkweli | 21 Julai, saa 3:10 usiku

Mimi nitatofautiana na MamaTwins kwa heshima. Baba yangu alikuwa mtu mkubwa, sauti yake inasikika mpaka kwa jirani. Alipoambiwa neno lile mbele yetu sote aligeukia ukutani, na chakula hakugusa siku tatu. Hakuwahi kurudi yule. Alikaa miezi minane lakini kwangu alikufa siku ile. Mpaka leo najiuliza tungesema "uvimbe" tu ingepungua nini. Halafu dada bado hujapata hata majibu, unataka umwambie nini? Umwambie daktari anahisi? Subiri karatasi kwanza.

Fundi Saa Kijenge | 21 Julai, saa 3:22 usiku

Hapo kwa Mpare kuna kitu. Lakini pia mzee wa miaka 71 amepungua kilo amepigwa kamera anajua tu. Wachaga hawadanganyiki wakishaona binti analipa bili bila kulalamika.

Binti wa Mlimani | 25 Julai, saa 9:50 alasiri

MREJESHO. Wakuu majibu yametoka!!! Nimepiga simu nikaambiwa njoo, nimetoka shule na bodaboda sikumbuki hata nimelipa. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza nimeisoma mara nne, inasema ni kuvimba kwa kawaida tu kwa mchomo, na tishu iliyokufa, hakuna seli za saratani zilizoonekana. HAKUNA. Nimekaa chini kwenye korido mlinzi akaniletea maji akijua nimefiwa.

Daktari tutamwona Jumatano. Shangazi ameshaagiza misa ya shukrani na anatafuta mbuzi. Mama amelia kwenye simu, ng'ombe nao wakawa wanalia nyuma yake.

MamaTwins Sakina | 25 Julai, saa 10:02 alasiri

Mungu ni mwema jamani nimepiga vigelegele watoto wamekuja mbio.

Maabara Kimya | 25 Julai, saa 12:40 jioni

Nafurahi na ninyi. Ila naomba mbuzi asubiri Jumatano. Nisiseme zaidi.

Binti wa Mlimani | 27 Julai, saa 4:15 usiku

Maabara Kimya ulijua.

Daktari ameisoma karatasi akaiweka mezani akasema haifanani na alichokiona kwa macho yake. Anasema sehemu ya juu ya uvimbe mara nyingine imeshakufa, ukichuna hapo unapata uozo tu, mbegu yenyewe iko ndani au pembeni. Kurudia. Kamera tena tarehe 2 Agosti, vinyama zaidi, na mara hii siti skani pia, akapimwe figo kwanza kwa sababu ya dawa wanayochoma kwenye mshipa wakati wa skani.

Sina hasira na daktari, bora huyu aliyekataa karatasi kuliko angeikubali. Nina hasira na zile siku mbili. Misa ilishasomwa Jumanne asubuhi. Mbuzi yuko amefungwa kwenye mgomba kwa shangazi, hachinjwi hauzwi, hakuna anayejua afanywe nini.

Baba nilimwambia wanarudia kwa sababu kinyama hakikutosha. Akasema "walichukua sita, wanataka nyama ya supu?" Nikacheka, nikaenda chooni nikafungulia bomba.

Konda wa Noah | 27 Julai, saa 4:31 usiku

Daah. Sina neno. Huyo mbuzi muacheni ale.

Dawa za Mizani | 28 Julai, saa 3:00 asubuhi

Mimi ni mtu wa lishe, nachangia kidogo kwenye hili la chakula maana wakati mnasubiri karatasi mzee anaendelea kupungua, na matibabu yoyote yatakayokuja yatamkuta na nguvu alizonazo. Mtori peke yake haumtoshi, mwingi ni ndizi na maji. Usage laini kwenye blenda, tia maziwa badala ya maji, parachichi, yai lililochemshwa, karanga zilizosagwa, kijiko cha mafuta. Uji wa ulezi hivyohivyo. Kidogo kidogo mara sita saba kwa siku, akae wima wakati wa kula na asilale papo hapo. Mpimeni uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile, mwandike. Na akifika mahali hata maji hayapiti msisubiri apoimenti, hiyo ni kwenda siku hiyohiyo, kuna mipira ya kulishia na vijibomba vya kupanua njia.

kijana wa Uru | 28 Julai, saa 5:20 asubuhi

Swali, mzee alikuwa mtu wa mbege na chai ya moto? Maana nasikia hii ya koo huku kwetu iko sana.

Dawa za Mizani | 28 Julai, saa 5:45 asubuhi

Iko sana kweli, siyo Kilimanjaro tu, ni ukanda mzima wa mashariki ya Afrika, Kenya, Malawi mpaka Afrika Kusini. Chai ni kweli kuna jambo. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, liko Lyon Ufaransa, liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Siyo chai yenyewe, ni moto wake. Sigara na pombe zinajulikana siku nyingi. Lakini ukanda huu watu wanapata hata wasiovuta wala kunywa, kwa hiyo jibu la moja kwa moja hakuna.

Binti wa Mlimani | 28 Julai, saa 8:10 mchana

Chai ya mzee huwa inatoka kwenye birika inachemka bado, anapuliza mara moja anakunywa, anasema chai ya vuguvugu ni ya mgonjwa. Hata hivyo naombeni tusimweke mzee mahakamani, mama anakunywa birika hilohilo. Blenda nimenunua leo Mbuyuni.

Binti wa Mlimani | 9 Agosti, saa 5:30 usiku

Naandika tu. Vinyama vimechukuliwa tarehe 2, kumi mara hii, kichupa nimekipeleka tena lakini nimezoea, niliweka kwenye mkoba. Siti skani imefanyika. Jana ilikuwa Nane Nane ofisi zimefungwa, nilijua zimefungwa na bado nikapiga simu.

Jumamosi baba aliomba apelekwe Marangu. Tukafurahi tukajua nguvu zimerudi, ni blenda. Mdogo wangu wa mwisho ndiye anakaa na mama pale, anasema mzee alishuka kwenye gari hakuingia hata ndani, akachukua fimbo akamwita twende. Wakatembea kihamba chote, lile shamba letu la nyumbani, mpaka baada ya mpaka. Kila kwenye masale, ile mimea ya mipakani, anasimama, anamwambia hili tulipanda na baba yangu, hili jirani alilisogeza 1987 tukaitana kwa mwenyekiti likarudi, hapa usimruhusu mtu kupitisha maji. Saa mbili nzima. Akipumzika anakaa juu ya ndoo. Halafu akasema sasa nirudisheni kwa dada yenu nikanywe huo mtori wenu wenye karanga.

Mdogo wangu ananiambia hivi kwenye simu kwa furaha. Mimi sikuweza kumjibu.

Mpare Mkweli | 9 Agosti, saa 5:44 usiku

Dada nimesoma hii mara mbili. Lile nililosema juu nalifuta. Mzee anajua.

MamaTwins Sakina | 10 Agosti, saa 12:30 asubuhi

Anajua mdogo wangu, na anakusubiri wewe. Mama yangu naye kabla ya majibu alinifundisha mahali anapoweka stakabadhi za ardhi kwa kisingizio cha kutafuta sindano.

Fundi Saa Kijenge | 14 Agosti, saa 4:00 usiku

Bimkubwa wangu ametangulia jana. Haikuwa saratani, ilikuwa figo. Nimerudi kusoma huu uzi tu. Endelea kutupa habari za mzee dada.

Binti wa Mlimani | 14 Agosti, saa 4:06 usiku

Jamani Fundi. Pole sana kaka yangu. Pole sana. Nakuja inboksi.

Binti wa Mlimani | 26 Agosti, saa 2:45 usiku

MREJESHO. Ni yenyewe.

Nitaeleza kwa mpangilio nikiweza. Kwanza niwaambie ya sensa maana nataka kuiandika mahali isipotee. Karani alifika kwangu tarehe 23, akauliza usiku wa kuamkia leo walilala wangapi, nikamhesabu na baba. Jioni mdogo wangu anapiga simu kutoka Marangu anacheka. Mama kaulizwa swali hilohilo kasema watatu. Mdogo wangu akamsahihisha, mama, baba yuko Moshi. Mama akakasirika, akamshika karani mkono akamwonyesha koti la baba limetundikwa nyuma ya mlango, "huyu ni mtu wa hapa." Karani, mtoto wa watu, akaandika watatu. Nilimsimulia baba akacheka mpaka akakohoa, akasema "basi nimehesabiwa mara mbili. Mmoja akiondoka serikali bado ina mwingine."

Leo nikapigiwa, majibu tayari, aje ndugu. Asubuhi natoka chumbani namkuta baba kakaa sebuleni kavaa suti ya kanisani, kofia mkononi, viatu ameshavipiga rangi. Saa kumi na mbili na nusu. Kaka alikuwa amenisisitiza nisimpeleke. Sikubishana na mtu, nikaita bajaji.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita ndugu wa mgonjwa. Baba akainuka akasema "mgonjwa mwenyewe yupo, na masikio yake ni mazima." Tukaingia wote. Ni yule daktari kijana. Akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba sema tu. Akavuta kiti akakaa karibu na baba akasema mzee wangu, ni saratani ya umio. Aina ile inayoanzia kwenye ngozi ya ndani ya umio. Siti skani inaonyesha mapafu na ini ni safi ila kuna matezi ya jirani yameguswa. Ataandikiwa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa ajili ya mionzi pamoja na dawa, na huko wataangalia uzito kwanza na namna ya kumlisha.

Baba akauliza swali moja tu, kahawa ya upande wa chini inaanza kuiva mwezi ujao, ataivuna? Daktari akasema utaivuna kwa kukaa kwenye kiti mzee, wengine wachume. Akasema sawa.

Tulipotoka tukakaa kwenye lile lile benchi la maandazi. Nikamwomba msamaha, nikamwambia na habari ya grupu la wasap na yote. Akasema marehemu kaka yake mkubwa alianza hivihivi, 1994, nyama ikamkwama, wakati ule hata kamera hakujua kama ipo. Kwa hiyo ile Krismasi alipotema kile kipande nyuma ya nyumba alijua anatema nini. Nikamuuliza sasa baba kwa nini hukusema? Akasema mlikuwa mmekuja wote, na watoto, kaka yako alikuwa hajaja miaka mitatu.

Halafu akaniuliza mbuzi wa shangazi yuko wapi.

Mpare Mkweli | 26 Agosti, saa 2:58 usiku

Sina la kusema. Mpe mzee shikamoo yangu.

Konda wa Noah | 26 Agosti, saa 3:01 usiku

Na yangu. Siku ya kusafiri niambie, kuwasogeza stendi ni bure, nakuja mpaka Pasua.

Maabara Kimya | 26 Agosti, saa 3:20 usiku

Pole dada. La kiutendaji: omba wakupe nakala ya ripoti ya kinyama, ripoti na sidii ya siti skani, na uulize kama wanaweza kukupa vile vioo na kijitofali cha nta ukaenda navyo. Huko wakitaka kuvisoma upya hawatamchuna mzee mara ya tatu. Vioo funga kwenye nguo usiweke kwenye begi la kupakia chini ya basi, na nta isikae juani.

Binti wa Mlimani | 26 Agosti, saa 3:34 usiku

Sawa, Jumatatu naviomba. Kaka anakaa Mbagala, kwenda na kurudi kila siku mzee hataweza. Kuna anayejua chumba cha bei ya kawaida karibu na Ocean Road? Cha kupikia mwenyewe, ghorofa ya chini.

MamaTwins Sakina | 26 Agosti, saa 3:41 usiku

Njoo inboksi, yuko mama mmoja Upanga alitupangisha sisi wiki sita. Chumba kidogo lakini kina jiko. Beba blenda yako, na ekstensheni ndefu, soketi iko mbali na kitanda.